Goti limesagika: kisu au mazoezi?

Ukiambiwa mafuta ya goti yameisha, kila ndugu atakuwa na lake. Huyu anataka ufanyiwe upasuaji yaishe, yule anaapa kwamba kisu kitakulemaza. Wote wanasahau kuuliza gegedu, ule utando mgumu unaoteleza kati ya mifupa ya goti, liliharibikaje.

Kama ni uchakavu wa umri, mimi niko upande wa mazoezi. Mwaka 2013 madaktari wa Finland walichapisha jaribio la wagonjwa 146 wa miaka 35 hadi 65, ambao kile kipande cha gegedu chenye umbo la mwezi mchanga kilikuwa kimechanika chenyewe, bila ajali. Wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilikatwa sehemu iliyochanika. La pili liliingiziwa kamera gotini, basi. Daktari akawa anaagiza vifaa, anawasha mashine isiyo na wembe na kuigandamiza juu ya pia ya goti, mgonjwa asishtuke. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na nafuu ilikuwa ileile. Mwaka 2017 jopo la wataalamu katika BMJ, jarida la tiba la Uingereza, likashauri kwa mkazo kwamba goti lililochakaa lisifanyiwe upasuaji huo wa matundu madogo na kamera.

Lakini watetezi wa mazoezi nao wasitambe sana. Katika jaribio jingine la 2013, la Marekani, karibu asilimia 30 ya waliopangiwa mazoezi walihamia kwenye upasuaji ndani ya miezi sita. Na huku kwetu "mazoezi" mara nyingi ni karatasi yenye picha: mgonjwa anakwenda nayo nyumbani, ananyoosha mguu juu ya kiti siku mbili, maumivu yanamtisha, anaacha. Halafu inasemwa tiba imeshindikana, kumbe haikuanza. Misuli ya paja inataka wiki kadhaa, uzito unaongezwa kidogo kidogo, na mtu wa kukusimamia. Nauli ya kwenda kliniki kila wiki nayo ni gharama, hata kama haiandikwi kwenye bili. Kupungua uzito kunasaidia pia: kila kilo inayotoka mwilini inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Kijana aliyeumia uwanjani ni habari nyingine. Goti likikwama, halikunjuki, kwa sababu kipande kimejikunja ndani ya kiungo, kumpa mazoezi ni kumchelewesha. Kipande kikiwahiwa huenda kikashonwa badala ya kukatwa. Gegedu la juu ya mfupa halina mishipa ya damu, halijiponyi vizuri, ndiyo maana mwaka 1994 madaktari wa Gothenburg, Sweden, walitangaza njia ya kuotesha seli za mgonjwa maabara na kuzirudisha gotini. Ni tiba ghali, ya shimo moja katika goti ambalo bado zima, si ya goti lililosagika lote.

Na yule mzee ambaye mifupa imeshagusana, usiku halali, anayeshauriwa kuwekewa goti la bandia? Asitishwe na jaribio la Finland. Upasuaji uliopimwa kule si huo.