Msongamano wa mtandao: nani alipe, na alipe lini?

Karibu na Kassapa, kampasi ya chuo kikuu hapa Lubumbashi, wanafunzi saba wanatumia routa moja, na kila mwezi kila mmoja anatoa mchango ulio sawa na wa mwenzake. Ikifika saa moja ya jioni, umeme ukiwa umerudi, wote wanaingia kwa pamoja: mmoja anashusha filamu, na mwingine, anayetakiwa kutuma kazi yake ya mwisho wa masomo usiku uleule, anatazama faili lake likiwa limesimama kwenye asilimia 12. Wamelipa sawa, lakini hawakupata sawa.

Mtandao una njia yake ya kujizuia. Oktoba 1986, kasi kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha jirani huko Marekani ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40, na mwaka 1988 mtafiti Van Jacobson akachapisha utaratibu unaoifanya kompyuta ipunguze mwendo kila inapoona pakiti, yaani vipande vidogo vya data inavyotuma, zinapotea. Utaratibu huo unazuia njia isizibe kabisa, lakini hautambui mwenye haraka, na programu inayofungua miunganisho kumi hujipatia nafasi kubwa kuliko ile iliyofungua mmoja.

Katika miaka ya 1990, wanauchumi Jeffrey MacKie-Mason na Hal Varian walipendekeza kila pakiti itangaze bei ambayo anayeituma yuko tayari kuitoa. Njia ikijaa, zipite zenye bei kubwa zaidi, na zote zilipe kiasi kilichotangazwa na ile ya kwanza kukosa nafasi. Njia ikiwa wazi, ada ya msongamano iwe sifuri. Kiini cha hoja hiyo nakikubali bila shaka: anayepita kwenye njia tupu hamzuii yeyote, bali anayejipenyeza kwenye njia iliyojaa anamchelewesha jirani, na ucheleweshaji huo ni gharama ya kweli hata kama hakuna anayeidai. Kuuza mega kwa bei moja mchana na usiku hakugusi jambo hilo.

Hata hivyo, vifurushi vya usiku vya bei nafuu, yaani forfait ambazo wanafunzi wetu wanaamka saa tisa kuzitumia, vinaonyesha upande wa pili. Msongamano umepungua kweli, ila aliyehama ni mwenye mfuko mwepesi, ambaye analipa kwa usingizi wake hata kama kazi yake ndiyo yenye haraka zaidi. Halafu, watetezi wa bei husema kwamba mapato ya ada yatamwonyesha mwenye mtandao, yaani kampuni inayouuza, mahali pa kupanua njia. Hilo linawezekana wateja wakiwa na pa kuhamia. Pasipo na ushindani wa kutosha, njia finyu inakuwa mali kwake, na sioni kwa nini aipanue.

Kwa hiyo ningekubali ada ya saa za msongamano kwa sharti kwamba kila mtu abakiwe na sehemu ya msingi isiyoguswa na bei, inayotosha kutuma barua na faili la masomo, na kwamba ada inayotozwa juu ya sehemu hiyo iingie waziwazi katika kupanua njia. Wale saba wanaweza kuanza hivyo kesho: mwenye filamu ya jioni aongeze kidogo kwenye mfuko wa pamoja, na mfuko huo ununue kasi kubwa zaidi kwa ajili ya nyumba nzima.