Nimekua mpima ardhi usiku mmoja

Kila anayeanza kupiga picha za usiku Dar anakimbilia Tanzanite, toka ifunguliwe 2022 lile daraja limepigwa picha mpaka limechoka jamani. Mi napenda mtaa wenye watu. Manzese Darajani kwa mfano, panda pale juu, acha shata ya kamera wazi sekunde kadhaa mwendokasi zikipita chini, unapata mistari ya taa mpaka unajipenda. Posta kwenye sanamu ya Askari nako Jumapili usiku kunatulia, yupo pale tangu 1927 na hajawahi kukataa kupigwa picha. Shida ya Dar giza linaingia chap, ile anga ya bluu baada ya magharibi unaipata kama dakika ishirini hivi afu kwisha habari.

Sasa siku hiyo mvua ilikua imenyesha nikasema leo madimbwi yote ni ya kwangu, nikamchukua dogo, mtoto wa mama mdogo, tukaenda Magomeni Mapipa, mitaa ya nyuma kule unakoshuka bondeni. Tukakuta kona moja hiyo, kibanda cha chipsi, moshi, balbu ya njano, dimbwi mbele yake limetulia na nyumba nzima ya zamani imelala ndani ya maji. Nikafunga stendi ya kamera. Rifleksa nilivaa maana bodaboda za kule hazina mchezo, na dogo nikampa fimbo yenye taa juu awe anaangaza ukuta. Nikawa narudi nyuma nahesabu hatua, "dogo sogea kushoto, hapohapo, simama wima!"

Wasomaji wa Dar mshaelewa.

Muuza chipsi alikua wa kwanza kuacha kukaanga. Afu madirisha yakaanza kufunguka moja moja, nasikia mtu anasema "wanapima hao, wanapima!" na kule ni bonde la Msimbazi, Desemba 2015 watu walichorewa X nyekundu ukutani na katapila likaja kweli, kwahiyo hakuna wa kumwambia atulie. Akatoka bibi mmoja na khanga zake, kashika mfuko wa nailoni umejaa makaratasi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leseni ya makazi hii hapa, risiti za kodi ya jengo hizi hapa. Mbona mnakuja usiku, mchana mnaona aibu?"

"Bibi mi napiga picha tu."

"Hata wale walianza na picha."

Nikamwambia napiga dimbwi. Akaliangalia dimbwi, akaniangalia mimi. "Mjukuu wangu, kwenu hakuna madimbwi?"

Nikaona bora nimuonyeshe kioo cha kamera aamini, na hapo ndo nikamwaga petroli kwenye moto, maana kamera yangu nikifokasi kwa mkono inachora kingo za kitu kwa rangi nyekundu. Bibi kainama, anaona mlango wake, madirisha yake, mpaka bati, vyote vimezungushiwa nyekundu. "Eeh! Wameshanichora!" Mtaa mzima ukalipuka, dogo na fimbo yake nikamuona anarudi rudi nyuma kuelekea kwa muuza chipsi.

Mwenyekiti wa mtaa akaja na msuli na singlendi, anataka barua ya utambulisho. Kabla sijajibu jamaa mmoja kanivuta mkono pembeni, kwa sauti ya chini, "kaka kama mnapima kweli anzeni na huyu jirani yangu, ukuta wake umekula uchochoro." Jirani alikua nyuma yake. Kuanzia hapo mimi sikua na kesi tena, kesi ikawa ukuta, watu wakagawanyika pande mbili, na bibi naye kumbe alikua na la kwake kuhusu huo ukuta, makaratasi akanipa mimi nimshikie.

Mwenyekiti akachoka. "Wewe mwenye mashine, hebu angalia humo, ukuta umenyooka au haujanyooka?"

Nikaangalia. "Umepinda mwenyekiti."

Sasa lenzi niliyofunga ni ya milimita 16, ile hata ghorofa za Posta ukiziweka pembeni ya fremu zinapinda, nikajaribu kuwaelezea hilo ila nani anasikiliza, upande mmoja washaanza kushangilia na mwenye ukuta anauliza mashine yenyewe imesajiliwa wapi. Nikamrudishia bibi mfuko wake, nikakunja stendi, nikamkuta dogo ashamaliza sahani ya chipsi mayai kwa bili yangu.

Picha ilitoka imetikisika. Ila nasikia kesi imefika baraza la kata, na wanamtafuta yule mpimaji akatoe ushahidi.