Tarehe ya kuondoka isiwaamulie ndoa

Tulifunga ndoa mahakamani Jumanne, na Jumatatu iliyofuata mume wangu akaenda depo kuanza mafunzo ya awali ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Tangu hapo wadogo zangu ambao wachumba wao wameshasaini mkataba wananiuliza swali lile lile: dada, tuoane kabla hajaondoka au tungoje?

Jibu langu halijabadilika. Kama mlikwisha amua kuoana, oaneni. Kama ni tarehe ya kuondoka ndiyo iliyoleta mazungumzo ya ndoa, ngojeni. Jiulizeni: leo akiambiwa safari yake imesogezwa mbele mwaka mzima, wiki ijayo bado mngekwenda mahakamani? Kwetu sisi, wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakaa. Safari ilibadilisha siku tu.

Watu husikia habari za posho kwanza, nami sitaki kuzipuuza. Jeshi halimtambui mchumba. Mke husajiliwa katika mfumo uitwao DEERS, akapata bima ya afya ya TRICARE, na posho ya nyumba hulipwa hata kuruta akiwa bado analala bwenini. Lakini kilichonigusa mimi ni fomu namba DD 93, ile inayoeleza nani ataarifiwa kuruta akipatwa na jambo. Mke ana nafasi yake humo. Tena kuna bima ya maisha, ambayo tangu Machi 2023 inafika hadi dola 500,000. Askari asipoandika jina la mtu wa kulipwa, sheria inamtanguliza mwenzi wake wa ndoa. Mchumba wa miaka saba hayumo kwenye orodha hiyo. Nilipoelewa hivyo niliacha kuona haya kusema kwamba nilitaka cheti kabla ya safari.

Ila wanaooana kwa ajili ya posho peke yake, tafadhali, acheni. Ndoa ya kubuni ili kuchota fedha za jeshi ni udanganyifu, na watu hushtakiwa kwa hilo. Na mchumba wako akikwambia mfunge ndoa kimya kimya bila afisa aliyemwandikisha kujua, kataa. Aliandikishwa kama kapera. Hali yake ikibadilika lazima makaratasi yake yabadilike pia, na hilo linaweza kuchukua muda. Ndiyo maana wiki ya mwisho ni wiki mbaya ya kuoana. Hata leseni ya ndoa ina masharti yake: Texas, kwa mfano, husubirisha saa 72 baada ya kuitoa, na msamaha uliopo kwa wanajeshi ni wa walio tayari kazini, si wa anayesubiri kuondoka.

Sisi tulichelewa, na ilituuma. Alibeba nakala ya kawaida ya cheti cha ndoa badala ya nakala iliyothibitishwa, kwa hiyo posho haikuanza mpaka nilipoituma ile halisi. Wakati huohuo mshahara wake ulikuwa unaingia kwenye akaunti yake mwenyewe, nami sikuwa na namna ya kuugusa, wala ya kumuuliza, maana simu za makuruta hufungiwa. Kodi ya mwezi ule nilikopa kwa dada yangu. Malimbikizo yalikuja baadaye, lakini zile usiku za kupiga hesabu peke yangu sizisahau. Fungueni akaunti ya pamoja mapema. Andikisheni hati ya kisheria inayokuruhusu kutenda kwa niaba yake. Chukueni nakala tatu nne zilizothibitishwa, moja ibaki nyumbani.

Halafu kuna upweke, ambao cheti hakiutibu. Mafunzo ya awali ya nchi kavu ni wiki 10, ya kikosi cha Marine ni 13, na mawasiliano ni barua zaidi ya kitu kingine. Niliandika kila usiku kabla sijapata hata jibu moja. Na wengi hawajui kwamba baada ya hapo anaenda kusomea kazi yake, na kozi ikiwa fupi kuliko wiki 20 kwa kawaida familia haihamishwi kumfuata. Unaweza kuwa mke kwa nusu mwaka na hamjawahi kuosha vyombo pamoja. Anayeolewa kwa hofu ya kuachwa ataikuta hofu hiyo hiyo usiku wa kwanza kitanda kikiwa kitupu, sasa ikiwa na jina jipya la ukoo.

Mama yangu yeye alihuzunika kwa jambo jingine: kwamba binti yake ameolewa mbele ya karani, bila vigelegele. Sherehe tuliifanya miezi 14 baadaye, alipopata likizo. Mama alilia kana kwamba ndio kwanza ninaolewa.