Ukweni Roi Et hakuna kikao

Wazungu wengi waliooa Thailand wana kilio kimoja: ndugu za mke. Kaa nao jioni, Mjerumani, Mwingereza, Mholanzi, haitapita nusu saa utasikia habari za mama mkwe anayetumiwa pesa kila mwezi, shemeji aliyekopa akanyamaza, watoto wa dada mtu wanaosomeshwa na mume asiye baba yao. Halafu haohao mwezi wa nne ukifika wanarusha picha za Songkran, sikukuu ya kumwagiana maji, wamelowa chapachapa, wakisifu kwamba Wathai wanajua kuishi. Familia kwao ni mzigo, sikukuu ni raha. Mimi nimeoa hukuhuku, na naona hiyo sikukuu ukiiondolea hiyo familia hakibaki kitu ila ndoo za maji.

Mimi ni mtu wa Songea, na kilichonileta huku ni mawe. Miaka ya 1990 safaya za Tunduru zilipoibuka, wanunuzi wa Kithai walikuja mpaka kule porini na tochi na mizani yao. Baadaye baadhi yetu tukaanza kuyafuata mawe kwao. Chanthaburi, mji ulioko kusini-mashariki ya Bangkok, ndiko safaya na rubi kutoka pande nyingi za dunia zinakopikwa kwa moto zikolee rangi, kisha zikakatwa. Mwisho wa wiki mnunuzi anakodi meza, anakaa, wauzaji tunapanga foleni na vipakiti vyetu vya karatasi. Waafrika Magharibi wamejaa pale, sisi Watanzania ni wa kuhesabu. Mke wangu nilimkuta kwenye meza mojawapo ya hizo, lakini kwao si Chanthaburi. Kwao ni Roi Et, katika nyanda za Isan, kaskazini-mashariki, nchi ya mpunga wa kutegemea mvua na vijana wanaokwenda mjini kutafuta.

Nianze na mahari, maana ndiyo inayowatoa Wazungu povu. Wathai wanaiita sin sot, na mzungu akiisikia anasema anauziwa mke. Mtanzania hahitaji kuelezwa. Kuna mzee wa heshima anayekwenda kuzungumza kwa niaba ya bwana harusi, tena hana tofauti na mshenga wetu hata kwa kupenda kupunguziwa bei. Siku yenyewe tulikwenda kwa msafara, ngoma ndefu zinapigwa, watu wanapiga vigelegele vyao vya kiume, wengine wamebeba migomba michanga na miwa yenye majani yake. Tulipofika nyumbani kwa bibi harusi tukakuta mabinti wawili wameshika mkufu wa dhahabu, wameufunga njia. Bila bahasha hupiti. Ukishapita hapo kuna mkufu mwingine na mabinti wengine, wachangamfu kuliko wa kwanza na bei yao imepanda. Nilicheka peke yangu, kwa sababu nimehudhuria harusi za Tanga na Dar, nimeona bwana harusi akibanwa nje ya chumba mpaka atoe kifungua mlango.

Kilichonishtua ni kilichofuata. Kwetu mahari huhesabiwa chumbani na wazee, na sehemu inayobaki huwa deni la miaka. Kule pesa na dhahabu viliwekwa juu ya kitambaa katikati ya wageni wote, vikahesabiwa mbele ya macho ya kijiji, vikanyunyiziwa punje za mpunga na ufuta. Kisha mama mkwe akafunga fundo, akajitwika begani, akaanza kuyumba na kuguna kama mtu aliyebeba gunia la mahindi kutoka shambani. Watu wakavunjika mbavu. Ni mchezo wa lazima, mzigo ukiwa mzito ndiyo baraka yenyewe. Ziko familia zinazowarudishia maharusi sehemu ya pesa hiyo, au yote, baada ya wageni kuondoka. Ya kwangu haikurudi, na sikutegemea irudi.

Sasa hizo pesa za kila mwezi. Wazungu wanaona wanachunwa. Mimi naona jambo ninalolijua tangu utoto: mtoto aliyepata hutuma nyumbani, bibi hulea wajukuu kijijini huku wazazi wao wakihangaika mjini. Nyumba ya mama mkwe wangu ina watoto watatu, na hakuna mzazi wao anayelala pale isipokuwa sikukuu. Nenda Namtumbo, nenda Mbinga, utakuta nyumba za hivyo.

Ila kuna tofauti, na mimi siipendi. Deni la mtoto kwa wazazi, kwa Wathai, halilipwi sawa na mvulana na msichana. Mvulana akinyoa nywele, akavaa joho la rangi ya manjano, akakaa hekaluni kama mtawa hata kwa msimu mmoja wa mvua, amewapa wazazi thawabu kubwa, na kijiji kizima hufanya sherehe. Msichana hana njia hiyo, kwa hiyo yeye hulipa kwa pesa na kwa kuwatunza. Mke wangu ana kaka wawili, wote walishanyoa nywele zao zamani. Anayetuma kila mwezi ni yeye. Na mdogo wake wa mwisho, wa kike, ndiye aliyebaki nyumbani kumtunza mama, na kwa desturi ya Isan ndiye atakayerithi nyumba. Mume wake alihamia pale. Kwa Mngoni kama mimi, mwanamume kuhamia ukweni ni jambo la kuchekwa kilabuni, lakini nilikwishawaona Wayao wa Tunduru wakiishi hivyo bila kupungukiwa na heshima, kwa hiyo shemeji yangu huyo sikumshangaa. Ndiye tunayeelewana kuliko wote, maana sisi wawili ndio tuliokuja kwa ndoa.

Kwenye michango Wathai wametushinda vibaya. Mwaliko wa harusi, wa msiba, wa sherehe ya mtawa, huja ndani ya bahasha. Unakwenda siku ya shughuli, unatia ulichonacho ndani ya bahasha ileile, unaandika jina lako, unaitumbukiza. Baadaye wenye shughuli wanaandika kwenye daftari nani alitoa kiasi gani, ili siku yako ikifika warudishe kisichopungua. Basi. Hakuna kamati inayokaa miezi minne, hakuna kadi ya ahadi, hakuna kundi la WhatsApp ambapo mweka hazina anabandika majina ya ambao "bado hawajapunguza ahadi zao". Nikiwa huku, umbali wote huu, bado naingizwa kwenye makundi ya harusi za watu nisiowajua sura. Nikijitoa naingizwa tena.

Songkran ni mwaka mpya wa zamani wa Wathai, tarehe 13 hadi 15 Aprili, joto likiwa limefika juu kabisa na mvua hazijaanza. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni. Mgeni akifikia Bangkok ataipata mtaa wa Khao San au Silom: bunduki za maji, muziki, vijana wamepakana unga mweupe mashavuni. Ni raha, sikatai. Lakini watu wa mikoani wanaoishi Bangkok siku hizo hawapo mjini. Kama umewahi kuwa stendi Dar wiki ya Krismasi, Wachagga wakirudi Moshi, zidisha hilo mara nyingi uelekeze mabasi Isan. Serikali yenyewe inakiita kipindi hicho cha safari siku saba za hatari, na hutangaza idadi ya waliokufa barabarani kila siku. Kwa kawaida jumla hupita 200, wengi wakiwa wa pikipiki na pombe. Sisi tunasafiri siku moja kabla ya watu, na hata hivyo tunafika usiku.

Asubuhi ya siku yenyewe kule Roi Et hakuna muziki. Mama mkwe anakaa kwenye kiti cha plastiki barazani, amevaa blauzi mpya na doti ya hariri, mikono ameiunganisha mapajani. Kando yake kuna bakuli la fedha lenye maji yaliyotiwa manukato na maua ya asumini yanayoelea. Watoto wanapita mmoja mmoja, mkubwa kwanza, wanapiga magoti, wanachota kwa kibakuli kidogo na kummiminia viganjani polepole. Wanamwomba radhi kwa yote waliyomkosea, kwa kusudi na bila kusudi. Yeye anawaombea afya na riziki, anawapangusa maji vichwani, anawafunga uzi mweupe wa pamba mkononi. Zamu yangu ikifika najitahidi nisilowanishe doti. Baadaye wanapeleka mchanga hekaluni, kurudisha ule walioubeba kwa miguu mwaka mzima, na watoto wanaufinyanga kuwa vijumba vilivyochongoka wakivipamba kwa vibendera. Mchana ndiyo ndoo zinatoka, na mama mkwe ndiye wa kwanza kumwagia watu barabarani.

Mwaka mmoja tulikwenda nyumba ikiwa imechafuka. Kaka mkubwa alikuwa amechukua hati ya shamba la mpunga akaiweka rehani benki, na mdogo wa mwisho, ambaye ndiye analima shamba hilo, alijua baada ya barua kufika. Hawakuzungumza tangu baada ya mavuno. Mimi kwa akili ya kwetu nikajua hii Songkran ndiyo ya kulimaliza. Kwa mama wapo wote, wajomba wapo, wazee wa kijiji wapo. Nikawa nangoja nani ataita watu.

Hakuna aliyeita. Kaka akapiga magoti, akammiminia mama maji, akasema maneno ya kila mwaka. Mama akamfunga uzi, labda akaukaza zaidi kidogo, siwezi kuapa. Mdogo mtu akafuata, maji yaleyale, maneno yaleyale. Kisha wote tukakaa chini kwenye mkeka kula, wali wa kunata kutoka kwenye vikapu vya mwanzi, unamega, unaufinya kiganjani, unachovya, mikono inagongana kwenye sahani ya kachumbari ya papai bichi. Wale wawili wakapitishiana kikapu. Jioni niliwaona wakichekana habari ya pampu ya maji. Nikamuuliza mke wangu, shamba limekuwaje? Akaniambia yamekwisha. Yamekwishaje, hayajasemwa! Akanitazama kama mtu ninayetafuta ugomvi: "Mkishayasema mbele ya watu kumi, mtayasahau lini?"

Tulipokwenda Songea nilimwelewa vizuri zaidi. Mambo mengi ya kwetu yalimkaa sawa siku ileile. Binti akileta maji ya kunawa akapiga magoti mbele ya wakubwa, mke wangu alijiona yuko kwao, kwa sababu huku Thailand kila tarehe 12 Agosti, Siku ya Mama, watoto wa shule hupiga magoti mbele ya mama zao na ua la asumini mkononi. Ugali aliumega kama mzaliwa. Kilichomshinda ni kikao. Baba mkubwa aliitisha ukoo, viti vikapangwa duara, kikafunguliwa kwa sala, na ajenda ikawa sisi: tunaishije, kwa nini mtoto mmoja tu, lini tunajenga. Shangazi akasema yake ya moyoni kwa sauti ya sokoni, mama akamjibu, baba mdogo akawapoza wote wawili. Mke wangu muda wote akitabasamu. Ndugu zangu wakasema mkwe wetu mpole, amefurahi. Mimi najua tabasamu lile. Mthai hutabasamu hivyo pia akitaka ardhi immeze.

Usiku akaniuliza kama wale watu watasalimiana kesho. Wakasalimiana, tena kwa utani. Kwetu jambo likishatoka mdomoni limetoka. Lakini si Watanzania wote wako hivyo. Watu wa Makunduchi, kule Unguja, naona wangeelewana na mama mkwe wangu. Kwenye Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya, wanaume wanachapana kwa mapande ya migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, na chuki za mwaka uliopita zinaachwa pale uwanjani. Hakuna kikao cha kuulizana nani alimkosea nani. Roi Et wanatumia maji, Makunduchi mgomba. Wote wana siku moja ya kusamehe kila kitu kwa jumla, na mimi mtu wa viti vya duara nilikuwa sijawahi kuona kwamba kusamehe kwa jumla kunawezekana.

Kunawezekana, lakini kuna bei. Hati ya shamba bado iko benki. Kaka analipa anapopata, asipopata mke wangu anajazia, na hajaniambia ni kiasi gani, nimeona risiti. Mdogo mtu anaendelea kulima shamba ambalo msimu wowote linaweza kuwa la mtu mwingine. Kila Aprili wanapitishiana kikapu cha wali. Ningekuwa mtoto wa nyumba ile, ningekwisha kupanga viti siku nyingi, nimwombe mzee mmoja wa kijiji akae katikati, hati izungumzwe, tarehe ya kumaliza deni iandikwe, anayekasirika akasirike. Nilimdokeza shemeji yangu, yule aliyehamia ukweni. Akacheka, akanimiminia bia, akasema sisi wawili tunaitwa wakati wa kubeba vitu vizito.