Mbwa kwa askari mwenye kiwewe cha vita: ushahidi unasemaje?

Mbwa wa kumwongoza askari aliyepofuka habishaniwi. Ujerumani ilifungua shule ya kuwafunza huko Oldenburg mwaka 1916, na kazi yake inaonekana kwa macho: husimama ukingoni mwa barabara, humkwepesha mtu nguzo, hukataa kusonga gari likija hata akiamriwa. Ubishi uko kwenye kidonda kisichoonekana, yaani kiwewe cha vita, na Marekani ndiko ulikopamba moto.

Septemba 2012, Idara ya Maveterani (askari wastaafu) ya nchi hiyo ilitoa kanuni ya kulipia matibabu ya mbwa na vifaa vyake kwa veterani mwenye ulemavu wa macho, masikio au viungo. Mbwa mwenyewe hutoka kwenye mashirika yaliyothibitishwa. Chakula ni juu ya veterani. Mwenye kiwewe bila ulemavu huo aliachwa nje kwa hoja kwamba ushahidi hautoshi. Haukuwa ubahili mtupu, kwani utafiti wa idara hiyo kuhusu mbwa kwa wenye kiwewe, ulioanza Tampa, Florida, mwaka 2011, ulikuwa umesitishwa baada ya mbwa kuuma watoto.

Utafiti uliofuata ulitoa matokeo mwaka 2021. Maveterani 97 walipewa mbwa waliofunzwa kazi maalumu, kama kumwamsha mtu kwenye jinamizi, na 84 wakapewa mbwa wa faraja tu. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliopewa mbwa waliofunzwa walipata nafuu zaidi kwa alama 3.7 tu kwenye kipimo cha dalili chenye alama 80. Wapinzani huishika namba hiyo, lakini wanasahau kwamba hapakuwa na kundi lisilo na mbwa. Walilinganisha mbwa na mbwa. Mwaka 2024 utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Arizona ulilinganisha maveterani 81 wenye mbwa na 75 waliokuwa wakisubiri. Baada ya miezi 3, uwezekano wa wenye mbwa kuendelea kukutwa na kiwewe ulikuwa chini kwa asilimia 66. Nao una upungufu: makundi hayakugawanywa kwa bahati nasibu, na anayesubiri anajua kwamba bado hajapata.

Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yetu, linatoka kwa matabibu. Tiba ya kiwewe humfunza mtu kuikabili hofu kidogo kidogo. Mbwa aliyefunzwa kusimama nyuma ya bwana wake dukani ili mtu asimkaribie humtuliza, ndiyo, lakini pia humthibitishia kila siku kwamba nyuma yake kuna adui. Kazi hiyo tungeiondoa kwenye mafunzo. Kumwamsha usingizini, au kumlalia mapajani pumzi zinapokwenda mbio, haina madhara hayo.

Sheria ya Agosti 2021 ilichukua njia nyingine: majaribio ya miaka 5 ambamo veterani mwenye kiwewe yeye mwenyewe humfunza mbwa, kama sehemu ya tiba. Ni hatua njema. Tatizo ni muda. Kumwandaa mbwa mmoja huchukua hadi miaka 2, wengi hawafuzu, na anayefuzu hufanya kazi takriban miaka 8 kabla ya kustaafu. Kwa hiyo jina la veterani liandikwe kwenye foleni ya mbwa wa pili kabla wa kwanza hajazeeka, na vikao vya tabibu visikatwe siku mbwa anapoingia nyumbani.