Leza za kasi, vijiumbe vya chumvi na nafasi ya Uvinza

Kuna kijiumbe kinachoishi kwenye maji ya chumvi kali, Halobacterium salinarum, ambacho hujipatia nguvu kwa kunasa mwanga wa jua. Kazi hiyo hufanywa na protini ya rangi ya zambarau, bakteriorodopsini, iliyotangazwa mwaka 1971 na Dieter Oesterhelt na Walther Stoeckenius. Ndani yake mna retinali, molekuli ya jamii ya vitamini A, ambayo mwili wetu huitengeneza kutokana na karotini inayoyapa mawese ya Kigoma wekundu wake.

Retinali ikipata mwanga hujipinda kwa takriban femtosekunde 500; femtosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Katika femtosekunde 1 mwanga wenyewe, pamoja na mbio zake zote, hauvuki hata unene wa bakteria.

Hakuna kamera ya kunasa kitu cha kasi hiyo. Watafiti hutumia mipigo miwili ya leza: wa kwanza unaiamsha protini, wa pili unapima rangi ilivyobadilika. Muda kati ya mipigo hupangwa kwa kusogeza kioo. Ukikirudisha nyuma sehemu moja ya elfu ya milimita, mpigo wa pili unachelewa kama femtosekunde 7. Mbinu za namna hii ndizo zilizompatia Mmisri Ahmed Zewail tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999, na mimi naona fahari kila ninapolitaja jina lake.

Wanaoutetea utafiti huu wana hoja nzito: bila leza hizo, hatua ya kwanza kabisa ya uhai kugeuza mwanga kuwa nguvu ingebaki kubahatishwa tu.

Wanaoutilia shaka nao wasipuuzwe. Mpigo ukiwa mkali mno, retinali moja hupokea fotoni (chembe za mwanga) mbili au zaidi kwa mkupuo. Juani haiwi hivyo. Fotoni ya pili hufika wakati ya kwanza imeshamaliza kazi yake zamani. Kwa hiyo matokeo ninayoyaamini ni ya wale waliopunguza ukali wa leza hatua kwa hatua na kuonyesha kuwa picha haibadiliki. Tena, mwaka 2021 kipofu mmoja alirudishiwa sehemu ya uwezo wa kuona kwa protini ya jamii hii yenye asili ya mwani. Mlango wa tiba hiyo ulifunguliwa zaidi na vipimo vya umeme na uhandisi wa vinasaba kuliko leza.

Basi Kigoma, mkoa ulioendeshwa kwa jenereta za dizeli miaka mingi, ikitaka kuingia katika utafiti huu ianzie wapi? Mimi nasema Uvinza. Chemchemi zake za chumvi zililisha biashara ya misafara tangu zamani, na maji ya namna hiyo ndiyo makazi ya vijiumbe hivi duniani. Kukusanya sampuli, kuvikuza na kusoma vinasaba vyao kunagharimu kidogo sana ukilinganisha na leza. Sampuli itakayohitaji leza ipelekwe nje, lakini kwa mkataba uliosainiwa kabla chupa haijafungwa, na kijana wa hapa aende nayo hadi kwenye meza ya vipimo.