Bolti ya Inchi, Spana ya Milimita

Hivi Wamarekani wana ugomvi gani na milimita? Karibu dunia nzima imekubaliana, wao wamekaza shingo na inchi zao. Halafu inchi hizo zinapanda meli, zinashuka Mombasa, zinapanda lori, zinavuka Malaba, na zinakuja kunitafuta mimi hapa Kampala, mtu niliyeajiriwa kufua ovaroli na kujaza gesi.

Sisemi na sisi tuko safi. Kiwanja hapa unauziwa kwa futi, 50 kwa 100. Mbao ni mbili kwa nne, na hizo ni inchi. Bomba la maji nusu inchi. Lakini nenda Kisekka, soko la vipuri, ukaulize spana: milimita tupu, kwa sababu pikipiki zetu zinatoka India na magari yetu yanatoka Japani. Kwa hiyo mtu anaweza kujenga nyumba ya inchi, akaezeka, akahamia na mke na watoto, lakini bolti moja ya inchi kwenye bunduki ya rangi imshinde.

Ndiyo, bunduki ya rangi. Kuna uwanja nje ya mji, una matairi yaliyopangwa na mapipa ya kujifichia, na Jumamosi wanakuja watu wa maofisini kuvishwa maski na kupigana risasi. Wanasema ni kujenga umoja kazini. Umoja huo nimeuona kwa macho yangu. Mhasibu anamvizia meneja wake nyuma ya tairi, anamtandika mgongoni na kidonge kinachokwenda karibu mita 85 kwa sekunde, kisha anakimbia kumpa pole. Pole ya uongo kabisa, meno yote nje.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Marekani, New Hampshire, tarehe 27 Juni 1981. Wanaume 12 waliingia msituni kutafuta bendera, mkononi bastola zilizotengenezwa kwa ajili ya kuweka alama za rangi kwenye miti na ng'ombe. Fikiria umwendee mchungaji wa ng'ombe wa Ankole, wale wenye pembe ndefu, umwambie simama hapo nimpige ng'ombe wako risasi ya rangi nimjue. Huoni kesho. Na unajua nani aliibuka mshindi msituni siku ile? Bwana mmoja wa kazi za misitu, ambaye alikusanya bendera zake zote bila kufyatua hata mara moja. Huyo namheshimu. Bunduki usiyoifyatua haichakai, na isiyochakaa haifunguliwi.

Zetu zinafyatuliwa. Moja ikaanza kufyatuka yenyewe: ukiikoki tu, tap, rangi ukutani. Ndani kuna kijino kinachoshika nyundo, kikilika hakishiki tena. Kukibadilisha ni kazi ya muda wa kunywa chai. Unatoa chupa ya gesi kwanza, unafyatua hewa iliyobaki (hapo usifanye mzaha, gesi ile inakaa kwa shinikizo linalozidi la tairi la teksi mara 20), halafu unafungua bolti mbili zinazoshika mkono wa bunduki. Mbili tu. Ya mbele ikatoka kwa adabu zake.

Ya nyuma alikuwa ameshapita mpwa wa bosi.

Kijana huyu amesoma, sijui amesoma nini. Cheo chake hapa hakijulikani, ila funguo za stoo anazo. Bolti ile ina tundu la pembe sita, ya kufunguliwa kwa spana ya L ya 1/8 ya inchi, yaani milimita 3.175. Yeye alichukua ya milimita 3, ile inayopatikana kila duka. Ikaingia. Hapo ndipo ubaya ulipo, inaingia vizuri tu! Ingegoma kuingia angerudi kulala. Ikaingia, akazungusha, ikateleza. Akazungusha kwa hasira, ikateleza tena, pembe sita zikalika hadi tundu likawa duara, linang'aa ndani, hakuna pa kushika. Nilipomuuliza akaniambia, "Nimeilegeza kidogo, wewe malizia."

Na kichwa cha bolti chenyewe kimezama ndani ya bodi, kiko sawa na chuma kingine. Praisi haikamati. Msumeno wa kuchonga mfereji upate kuweka bisibisi hauingii mpaka ukate na bunduki.

Basi wakaja washauri. Mimi sijui nchi hii inakwama wapi kimaendeleo wakati kila mtu ni mhandisi. Askari wa getini alisema niweke kipande cha mpira wa tyubu juu ya tundu, kisha nibane spana juu yake. Wazo si baya, kwa parafujo ya redio linafanya kazi. Hapa mpira ulisagika ukabaki unga mweusi. Mama wa chapati akasema gundi ya kubandika viatu. Mtu wa kufyeka nyasi akasema tumwagie waragi. Tukamwagia. Iliyobaki kwenye chupa sikuiona tena, na yeye mchana kutwa alifyeka sehemu moja. Na kila mshauri hamalizi ushauri mpaka aseme, "Hebu lete nijaribu." Hebu! Neno hilo likiisha, tundu limezidi kuwa duara, na mwenye hebu ameshakumbuka ana safari.

Bosi akaniagiza nikanunue keekee ya mkono wa kushoto, ile inayotoboa ikizunguka kinyume ili bolti ikikamatwa ifunguke yenyewe. Ameiona kwenye simu. Nilimuuliza muuza vyuma, akacheka, akamwita na mwenzake waje wacheke wote. "Ssebo," yaani bwana, "hizi zinazozunguka sawasawa wateja wananirudishia kila siku, niongeze na za kinyume?"

Ikabidi nibebe mzigo nishuke Katwe, kwa mafundi wa vyuma.

Sasa pangilia hilo kichwani. Mimi ni mtoto wa kambini, baba alikuwa jeshini, Kiswahili ndicho kinachotangulia kinywani kabla ya Kiganda, na hapa Kampala wengi wakikisikia wanafikiria askari. Ndevu ninazo. Na mkononi nina kitu chenye kitako na kifyatulio. Mtutu niliuchomoa nikauacha, kilichobaki nikakifunga kwa kitenge cha mke wangu chenye maua, lakini kuna vitu ukivifunga ndiyo vinazidi kuonekana. Kwenye teksi nimekaa kimya, konda ananyoosha mkono, "Ssebo, nauli," nami nikamjibu kwa upole kabisa, "Subiri kidogo ndugu yangu, nakupa." Basi. Redio ikapunguzwa. Mama aliyebanana nami tangu tunapanda akapata nafasi ya kusogea, sijui aliitoa wapi. Konda akasema, "Hapana shida, afande," na mpaka nashuka hakunidai tena. Nikampa mwenyewe, akapokea kwa mikono miwili.

Askari wa majengo ya mjini ndio usiseme. Tangu mabomu ya Julai 2010 kila mlango una mtu wa kukupapasa, na ni haki yake. Nilitaka kupita mahali pamoja nichukue pesa. Nilipouona ule mstari na kile kifaa chao kinacholia, nikageuka taratibu, kwa sababu kugeuka haraka ni kesi nyingine.

Katwe wao hawaulizi. Katwe ungefika na mlango wa ndege wangekuuliza tu unataka lini. Vijana wanagonga masufuria, wanakunja mageti, wanakata mapipa kutengeneza masigiri, kelele mpaka meno yanacheza. Mmoja akaipokea bunduki, akaiangalia bolti, akawasha moto wa gesi palepale. Nikamshika mkono. Bodi ni ya alumini, ndugu; alumini inayeyuka kwa nyuzi joto 660, na moto ule unapita 3,000. Ningerudi kwa bosi na uji.

Akanielekeza kwa mzee mmoja aliyewahi kutengeneza magari ya jeshi. Mzee alipokisikia Kiswahili changu akaacha alichokuwa anafanya.

"Umetoka kambi gani?"

Nikamtajia. Akaniuliza baba yangu ni nani, nikamwambia, akasema hamjui, akaendelea kuniuliza habari zake hata hivyo. Halafu akavaa miwani, akakipangusa kichwa cha bolti kwa kidole gumba na kukinusa. "Hapa kuna gundi ya nyuzi, ile ya kuzuia bolti isilegee. Mnapigana na kichwa, kumbe iliyoshika ni miguu."

Akachomeka chuma cha kulehemu redio, ncha akaikandamiza juu ya bolti peke yake, bodi isipate moto. Gundi ile ikichemka inalegea. Tukasubiri. Umeme ukakatika. Mimi nikataka kulia. Yeye hakunyanyua hata kichwa, alichukua msumari mnene kwa praisi, akauchomeka kwenye mkaa wa sigiri lililokuwa linachemsha maharage yake, ukawa mwekundu, akauweka juu ya bolti. Akarudia, mpaka moshi mwembamba ukatoka na harufu ya plastiki iliyoungua. Kisha akatafuta kwenye kopo la maziwa biti ya nyota, T20, nene kidogo kuliko tundu. Akaigonga kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka ncha zake sita zikajichimbia kwenye chuma. Akaweka mkono wa kuzungushia, akabonyeza kwa kifua.

Tak.

Ikalia, ikalegea, ikatoka inazunguka na vigaga vya bluu kwenye nyuzi. Ndogo kama jino la mtoto. Ndiyo iliyonifanya niitwe afande.

"Inapiga nini hii?" mzee akauliza.

"Rangi, mzee."

"Rangi tu?"

"Rangi tu."

"Na watu wazima wanalipa?"

Nikamwambia bei. Akavua miwani, akaniangalia, akaongeza 5,000 kwenye hela yake ya kazi.

Akanionya: uzi wa bolti hii ni wa inchi, nyuzi 32 kwa inchi, unene milimita 4.83. Ile ya milimita 5 ya madukani nyuzi zake zinakaribiana sana na hizi, kwa hiyo itajifanya inaingia, lakini imezidi unene. Ukilazimisha, itanyoa nyuzi za alumini na hapo hakuna mzee wa kukusaidia. Niagize ya inchi, nisubiri.

Nikarudi jioni, nikamweleza bosi, akakubali kuagiza. Bunduki nikaiweka mezani, nikaenda kunawa mikono. Nikiwa bombani na sabuni mpaka kiwiko, nikasikia sauti ya mpwa wake kutoka stoo:

"Kaka, nimepata bolti kwa mtu wa boda! Inaingia, imekaza kidogo tu mwishoni. Lile bomba la kuongezea spana mmeliweka wapi?"